Kupima mpito wa usumaku wa manganizi asenidi katika joto la Dar es Salaam

Anayetaka kuona mpito wa awamu, yaani dutu kubadili ghafla muundo au usumaku wake kwa joto, bila naitrojeni ya kimiminika aanze na manganizi asenidi, MnAs. Ndugu yake CrAs (ya kromi) hubadilika karibu na nyuzi 8 chini ya sifuri, na FeAs (ya chuma) karibu na kelvini 70, yaani takriban nyuzi 203 chini ya sifuri. MnAs ikipashwa hupoteza usumaku karibu na nyuzi 44, na ikipoa huurudisha karibu na nyuzi 34.

Hiyo 34 ndiyo inayosumbua Dar. Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32, na sampuli iliyoachwa ipoe mezani inaweza kubaki nusu imegeuka, nusu bado. Ukipasha tena kutoka hapo, mchoro wa usumaku dhidi ya joto utatoka tofauti na wa kwanza. Kila kipimo kianzie nyuzi 15, kwa barafu.

Nunua unga uliokwisha kutengenezwa, na ushughulikie kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kuagiza. Miligramu 200 zinatosha. Zifungiwe ndani ya kijibomba cha kioo, mdomo uzibwe kwa epoksi, na kisifunguliwe tena. Vumbi lake ni sumu, na likikutana na asidi linaweza kutoa gesi ya asini, inayoua. Kikipasuka, mabaki yasimwagwe kwenye sinki.

Usumaku utapimwa kwa koili. Waya wa shaba wa kusukia mota, wa milimita 0.2, hupatikana Kariakoo. Kwenye bomba la plastiki sokota koili mbili za kupokea, mizunguko 500 kila moja, ya pili ikielekea kinyume cha ya kwanza. Juu yake sokota koili ya kusukuma, mizunguko 200, ifunike zote mbili. Sampuli ikae katikati ya koili moja tu. Bila sampuli, mawimbi ya koili mbili yafutane. Yakibaki, punguza mizunguko michache upande wenye nguvu.

Kompyuta itoe wimbi la hezi 1,030 kupitia tundu la spika za masikioni, na ipokee kupitia tundu la maikrofoni. Usichague 1,000 kamili: ni kizidisho cha 50, hezi za umeme wa ukutani, na mvumo wake utaingia humo humo. Unganisha rezista ya omu 100 mfululizo na koili ya kusukuma. Ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, na bila rezista hiyo mkondo utashuka, nawe udhani ni sampuli inayobadilika.

Tumbukiza vyote ndani ya neli ya majaribio, kisha neli ndani ya sufuria ya maji. Kwa unyevu wa pwani, nyuzi 15 huleta umande kwenye waya. Weka vipakiti vya silika na uzibe kwa kizibo cha mpira. Ncha ya kipimajoto iguse kijibomba chenyewe, isining'inie majini.

Pasha hadi nyuzi 55 kwa nusu nyuzi kila dakika, kisha upoze kwa kasi ileile. Pengo kati ya kupanda na kushuka ni la sampuli au la kipimajoto kinachochelewa? Rudia kwa nusu ya kasi. Uchelewaji utapungua, histeresisi ya kweli, yaani pengo la sampuli yenyewe, itabaki. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo namba zako hazina uzito.

Pengo hilo lipo kwa sababu mpito ni wa daraja la kwanza: fuwele ya pembesita hugeuka ya othorombiki (umbo la kisanduku cha pande tatu zisizolingana) na ujazo hupungua kama asilimia 2. Ndiyo maana kipande kizima hupasuka baada ya kupashwa na kupozwa mara kadhaa, na unga unafaa zaidi. Karibu na nyuzi 125 muundo wa pembesita hurudi, safari hii bila usumaku. Huko maji hayafiki, tumia mafuta ya silikoni.

Koili itakuambia lini usumaku umekwisha, haitakuambia sumaku za atomi zimeelekea wapi. Kwamba katika MnAs zimelala kwenye bapa lililo wima kwa mhimili c (ule unaopita katikati ya pembesita), na katika CrAs zimejipanga kwa mzunguko wa skrubu, kulijulikana kwa mtawanyo wa nyutroni, yaani kuzirusha kwenye sampuli na kuona zinavyotawanyika, na kazi hiyo hutaka chanzo cha nyutroni kama kinu cha nyuklia.