Diski haionekani wakati wa kupiga Windows 11

Umefika pale pa kuchagua diski, orodha ni tupu. Usikimbilie kununua SSD mpya. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski ni nzima. Kinachokosekana ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya VMD, na VMD ni kidhibiti kinachosimama kati ya Windows na SSD ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi.

Ingia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka (mara nyingi ni F2, F10 au Delete) uone kama SSD imetajwa. Ikiwepo, tumia kompyuta nyingine kupakua SetupRST.exe, faili lenye draiva hiyo, kutoka tovuti ya Intel, kisha lifungue kwa amri hii ndani ya Command Prompt, ukiwa kwenye folda lilipo:

SetupRST.exe -extractdrivers RST

Nakili folda ya RST kwenye flashi ileile ya Windows. Rudi kwenye orodha tupu, bonyeza Load driver, chagua folda yenye iaStorVD.inf. Diski itajitokeza hapohapo.

Kuzima VMD ndani ya BIOS nako kunasaidia, ila kama kuna Windows ya zamani unayotaka ibaki, huenda ikagoma kuwaka.

BIOS nayo haioni SSD? Zima, chomoa chaja, tenganisha betri, ichomoe SSD uirudishe hadi ikae sawasawa, kaza skrubu. Angalia na aina yake: SSD ya umbo la M.2 inayotumia SATA (mfumo wa zamani) haisomeki kwenye sloti ya NVMe pekee, hata ikiingia vizuri.

Zoezi likikwama kila mara sehemu tofauti, shuku RAM. Acha kijiti kimoja kimoja, pima kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM. Kikitoa kosa hata moja, kibadilishe.