Namna ya kuipima seti kama ni koni mbinuko

Nikitaja koni darasani, mikono huanza kuchora kofia ya karatasi hewani. Naomba picha hiyo iwekwe kando: koni mbinuko ni seti ya vekta (hapa, jozi za namba kama (3, 2)) ambayo ukizidisha vekta yake kwa namba isiyo hasi, au ukijumlisha vekta zake mbili, hutoki nje yake. Mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri ni koni mbinuko, na nusu ya bapa iliyo juu ya mhimili wa x, pamoja na mhimili wenyewe, ni koni mbinuko pia. Usiangalie umbo, pima.

Mimi hutumia chakula cha kuku anachouza mama mdogo. Mfuko A una kilo 4 za pumba na kilo 1 ya dagaa: (4, 1). Mfuko B una kilo 1 ya pumba na 2 za dagaa: (1, 2). Seti yetu ni kila anachopata kwa kuchanganya aA + bB, a na b zisiwe hasi.

Kwanza zidisha. Chukua vekta yoyote ya seti, izidishe kwa namba isiyo hasi. Zote zikibaki ndani, una koni. Duara lililojaa la nusukipenyo 1 linakwama hapa: (1, 0) mara 2 ni (2, 0), iko nje.

Kisha jumlisha. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua nusu chanya za mihimili miwili tu, sifuri ikiwemo: kuzidisha kunapita, lakini (3, 0) + (0, 2) = (3, 2), nje ya mihimili yote miwili. Ni koni, ila si mbinuko. Kwa nini kujumlisha kunatosha, wakati mbinuko maana yake kipande cha mstari kati ya x na y kibaki ndani? Kwa sababu nukta ya kipande hicho ni tx + (1−t)y, t ikiwa kati ya 0 na 1. Kuzidisha kumekwisha kukupa tx na (1−t)y. Kilichobaki ni kuzijumlisha.

Mteja akitaka (6, 5), apewe A moja na B mbili. Akitaka (5, 0), pumba tupu? Piga hesabu: dagaa mara 4, toa pumba. A inatoa 0, B inatoa 7, kwa hiyo hakuna mchanganyiko unaoshuka chini ya 0. Ombi lake linatoa −5. Mhungaria Gyula Farkas alithibitisha, katika makala ya 1902, kwamba kipimo cha namna hii hakikosekani: vekta ikiwa nje ya koni inayozalishwa na vekta chache, kipo cha kuikataa. Mama mdogo hukikagua kwa kichwa, bila kutatua mlinganyo wowote.