Jinsi ya kutopitwa na mihadhara, warsha na maadhimisho pale Mlimani

Watu wengi wanafuatilia mambo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), pale Mlimani, kwa kusubiri posta iingie kwenye grupu la WhatsApp, na posta yenyewe inaingia usiku wa kuamkia siku ya tukio, au asubuhi ileile wakati we bado uko Mbagala unagombania daladala. Alafu mtu analalamika chuo hakitangazi. Dawa yake ni kuanza na kalenda, yani usisubiri tangazo, we lifuate. Matukio mengi ya chuo hayaji ghafla, yamefungwa kwenye siku ambazo zinajulikana mwaka mzima, kwa hiyo ukizishika hizo siku unaanza kuulizia wiki tatu nne kabla, muda ambao wahusika ndo wanapanga ukumbi na bango halijachapwa.

Kaa chini na simu yako uzijaze. Anza na Mwalimu, maana pale Mlimani hakuna anayezungumzwa kama yeye. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, na Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika (yani kiti cha uprofesa cha masuala ya umoja wa Waafrika), kilichoanzishwa 2008 na kukaliwa kwanza na Profesa Issa Shivji, kimezoea kufanya tamasha lake la kitaaluma mwezi huohuo. Mhadhiri wa kwanza wa tamasha hilo mwaka 2009 alikuwa Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, aliyemfuata ni Samir Amin, mwanauchumi wa Misri, sa fikiria watu wa kiwango hicho wanaongea Ubungo hapo, hamna tiketi, na kuna mtu anakaa Sinza hakujua. Aprili ikikaribia anza kuulizia. Alafu 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo makongamano yake mara nyingi utayakuta siku za kabla au baada, usiende siku yenyewe ukakuta mageti kimya. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kigamboni nako kupige jicho kipindi hicho.

Julai weka tarehe 7. Saba Saba sote tunaijua, ila tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa watu wa lugha imekuwa na uzito mwingine kabisa, na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ndo mlango wako. Nawaambia hasa walimu wa sekondari na waandishi chipukizi, hapa msikose, maana ni sehemu ambayo mjadala mzima wa kitaaluma unaendeshwa kwa Kiswahili mwanzo mwisho, na mtu anayetunga kamusi amekaa kiti cha mbele yako. Kati ya Mei na Juni kuna Wiki ya Utafiti na Ubunifu, hii ni ya kutembea banda kwa banda, ukienda na mdogo wako wa kidato cha tatu anayependa sayansi utakuwa umemfanyia jambo kubwa.

Nyingine nazitaja harakaharaka: 8 Machi wanawake, 22 Machi maji, 5 Juni mazingira, na zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba. Jiulize tu siku hii inamhusu nani, ndo umeshajua pa kuulizia. Za afya kama malaria 25 Aprili au UKIMWI 1 Desemba ulizia MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Upanga. Za makazi na mipango miji, yani Jumatatu ya kwanza ya Oktoba na 8 Novemba, ulizia Chuo Kikuu Ardhi ambao ni majirani hapohapo mlimani.

Sasa kuulizia kwenyewe. Tovuti na kurasa za chuo ziangalie, sawa, lakini habari za uhakika ziko chini kwenye ndaki (vitengo vikubwa vinavyobeba idara) na idara, kwa sababu idara ndo inayomwalika mgeni, ofisi za juu zinapelekewa baadaye. Kama una mtu anasoma pale mwambie akupitishie yanayotumwa na CR wao, yani kiongozi wa darasa. Kama huna mtu, siku ukipita chuoni tumia dakika kumi kusoma mbao za matangazo pale Maktaba na kwenye korido za idara unayoipenda, karatasi za A4 zilizobandikwa na gundi zina mambo ambayo hayajafika kwenye mtandao wowote. Na Mlimani FM ukiiweka nyumbani inasaidia.

Ukishapata tangazo lisome kama unasoma mkataba. Kwanza saa. Bango la Kiswahili likisema saa 8:00 mchana ni saa nane yetu, la Kiingereza likisema 3:00 p.m. ni saa tisa alasiri, na likisema 9:00 a.m. ni saa tatu asubuhi, sio tisa, hapa watu wanapotea kila wiki hasa tangazo likitafsiriwa nusunusu na mtu wa grupu. Ukiona utata piga simu uulize, na ukiweka kwenye kalenda ya simu weka 14:00 au 15:00 ili isikuchanganye. Pili ni kampasi. Mlimani sio chuo kizima, wa kompyuta na TEHAMA wako Kijitonyama, na mtu akisoma "UDSM" tu anapanda mpaka juu kumbe tukio liko kule Kijitonyama, kituo cha Sayansi, mpaka ageuze na foleni ya Sam Nujoma mambo yameisha. Tatu ukumbi. Nkrumah ni rahisi, ni ule uliokuwepo nyuma ya noti ya zamani ya mia tano, kila mwanafunzi atakuonyesha, ila vyumba vya mihadhara vya Yombo hapohapo chuoni na vya COET, ndaki ya uhandisi, muulize mtu mapema, usitegemee ramani ya simu. Kwenye daladala za Mwenge na Ubungo muulize konda kabla hujapanda kama inaingia ndani ya chuo au inapita nje, maana ukishushwa barabarani pale Mlimani City kile kilima na jua la saa saba utafika umelowa.

Tofautisha pia aina ya tukio. Mhadhara wa umma unaenda tu, unakaa, hakuna atakayekuuliza unasoma kozi gani, beba kitambulisho chochote kwa ajili ya getini basi. Kongamano la kitaaluma ni kitu kingine, kama unataka kuwasilisha lazima utume ikisiri, ukurasa usiofika hata mmoja unaoeleza unatafiti nini, kwa njia gani na umepata nini, na mwisho wa kupokea huwa ni miezi kabla. Warsha ndo usithubutu kutokea tu mlangoni, wameshahesabu vitini, chakula na viti, jaza fomu mapema na uulize mambo matatu: kuna ada, kuna cheti, nije na laptop yenye programu gani. Ada ikiwepo, chuo cha umma kinakupa namba ya malipo ya serikali, ile kontroli namba, unalipia benki au kwa simu. Mtu akikwambia tuma kwenye namba yangu binafsi nitakuandikisha, achana naye, nenda ofisi ya idara ukaulize. Na siku ya warsha hakikisha umesaini karatasi ya mahudhurio kila siku, vyeti vinaandikwa kutoka kwenye ile karatasi, jina likiwa limekosewa na cheti kitakosewa.

Ukumbini fika mapema kidogo. Najua itifaki itachukua muda wake, mshereheshaji atamtambulisha kila aliyeko meza kuu, mgeni rasmi anaweza kuchelewa, lakini hiyo nusu saa ndo ya kupata kiti karibu na spika na kusoma jina la mhadhiri kwenye simu ujue ameandika nini. Kaa pembeni mwa safu ili kipaza sauti kikifika usiruke watu.

Kipindi cha maswali nakipenda kuliko kitu chochote na ndo kinachoharibiwa zaidi. Mwenyekiti anachukua maswali matatu matatu, sa mtu anasimama, anashukuru, anasema ana swali na mchango, mchango unakula dakika tano na swali halionekani. Andika swali lako wakati mhadhara unaendelea, sentensi mbili zinatosha. Sema hivi: "Asante mwenyekiti, naitwa fulani, nafundisha sekondari Temeke. Profesa umesema ushirika wa wakulima ulikufa kwa sababu ya siasa, je wale walioendelea kuuza kahawa wenyewe walifanya nini tofauti?" Halafu kaa. Mhadhara ukiwa wa Kiingereza na kinakupa shida uliza kwa Kiswahili, mezani pale wanakielewa wote isipokuwa pengine mgeni, na atatafsiriwa.

Na we ambaye sio mwanafunzi usijione mdandiaji. Chuo hiki kilianza 1961 katikati ya jiji, mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, ndo kikapanda Mlimani 1964. Miaka ile Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, akifundisha, wanafunzi wa USARF, chama chao cha mapinduzi ya Afrika, walikuwa na madarasa yao Jumapili asubuhi, hakuna mtihani, hakuna cheti, watu wanasoma na kubishana kwa sababu wanataka kujua. Aliyeamka Jumapili kwenda kubishana juu ya ukombozi wa Msumbiji hakulipwa posho. Huo moyo ndo unaoufanya ukumbi kuwa ukumbi, na ukiingia wewe fundi, mama lishe, bodaboda, na swali lako la kweli, mjadala unapata kitu ambacho walioko ndani peke yao hawana.

Ukimaliza usikimbilie soda moja kwa moja. Mfuate mhadhiri, shikamoo kwanza kama umri unadai, muombe slaidi au makala yake na uandike imeili yake palepale, kesho yake mtumie ujumbe mfupi ukimkumbusha swali uliloliuliza. Alafu mtafute yule dada au kaka aliyekuwa anahangaika na vipaza sauti na orodha ya majina, huyo ndo mratibu mwenyewe, muulize kinachofuata ni lini na kama anaweza kukuingiza kwenye orodha yao ya barua pepe. Huyo anajua ya mwezi ujao sa hivi.