Kausha kwanza, ndipo uchanganye nyingi

Kwa wachoraji wa Tingatinga mlioko Ulaya, mnaojaribu akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) badala ya rangi ya mafuta ya kopo tuliyoizoea Dar es Salaam: kabla ya kuchanganya rangi ya kutosha usuli (sehemu ya nyuma ya picha) mzima, paka kidogo kwenye kipande cha turubai ileile, kikaushe kwa draya ya nywele, kisha kilinganishe na mchanganyiko mbichi. Utaona kimekoza. Gundi iliyomo ndani ya rangi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa. Maji yakiisha inakuwa wazi kama kioo, weupe unatoweka na rangi inazidi kukoza. Bluu na kahawia iliyokolea hubadilika sana, zenye nyeupe nyingi hubadilika kidogo tu. Basi changanya iwe imefifia kidogo kuliko unavyoitaka. Kipimo hiki hakifai kwa rangi nene, maana draya hukausha juu tu, ndani bado mbichi. Pima mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano ya jioni za baridi hudanganya macho. Na tafadhali sana, usipake akriliki juu ya picha ya zamani ya rangi ya mafuta: haishiki, itabanduka.