Kuondoa mabaki ya dawa katika majitaka kwa mionzi ya gama: jaribio la maabara kwa maji ya Dodoma

Mwongozo huu unamlenga fundi sanifu wa maabara anayetumia kifaa cha kobalti-60 (chanzo cha mionzi ya gama) chenye leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Asiye na leseni asijaribu, hata kwa chupa moja.

Hatua ya 1. Chukua sampuli kwenye bwawa la mwisho la kusafishia majitaka, kama ni Swaswa au kwingineko, kwa sababu si busara kulipia mionzi ifanye kazi ambayo bakteria na jua huifanya bure. Tumia chupa za kioo cha kahawia, ziweke kwenye barafu, na urudie wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, maana jua la kiangazi huyapunguza maji na kuziacha chumvi.

Hatua ya 2. Chuja, kisha pima baikaboneti (aina ya chumvi iliyoyeyuka majini) kabla ya kupima dawa yoyote. Mionzi hupasua hasa molekuli za maji, na radikali za haidroksili zinazotokea (vipande vya maji vyenye ukali wa kushika kemikali nyingine) ndizo huishambulia dawa. Kilogrei 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) huzalisha takriban mikromoli 280 (kipimo cha idadi ya molekuli) za radikali hizo kwa lita, ilhali miligramu 1 ya kabamazepini, dawa ya kifafa, kwa lita ni mikromoli 4.2 tu, hivyo mtu angeweza kudhani kwamba dozi hiyo inatosha na kubaki. Hata hivyo, anayechemsha maji ya kisima Dodoma anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, ambao ni ishara ya baikaboneti majini. Baikaboneti hudaka radikali kwa kasi iliyo chini ya ile ya kabamazepini kwa takriban mara elfu moja, lakini ikifika miligramu 300 kwa lita inakuwa karibu mikromoli 4,900, na wingi huo unatosha kuipokonya dawa zaidi ya nusu ya radikali, kabla hata hatujahesabu mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini, ambayo nayo hudaka radikali.

Hatua ya 3. Gawa sampuli mara mbili. Sehemu moja iache ilivyo. Nyingine ishushe hadi pH 4 kwa asidi ya salfuriki, kisha ipulizie hewa ili baikaboneti, ambayo asidi huigeuza kaboni dioksidi, itoke. Usitumie asidi ya hidrokloriki, kwani kloridi nayo hudaka radikali katika maji yenye asidi.

Hatua ya 4. Toa dozi za kilogrei 0, 0.5, 1, 2 na 4. Kokotoa upya kasi ya dozi siku hiyohiyo, kwa sababu kobalti-60 hupungua kwa takriban asilimia 12 kila mwaka. Maji yenyewe hayageuki kuwa na mionzi.

Hatua ya 5. Pima dawa iliyobaki kwa kromatografia (njia ya kutenganisha na kupima kemikali), halafu pima jumla ya kaboni ya kikaboni. Mara nyingi dawa hutoweka huku kaboni ikipungua kidogo tu, yaani imevunjika vipande ambavyo bado vimo majini. Kwa hiyo jaribu sumu yake kwa viroboto maji (wadudu wadogo wa majini) kabla ya kuandika kwamba maji ni safi.

Kwa kiwango cha mji hutumika miale ya elektroni, kama ilivyofanyika Daegu, Korea Kusini, kwa majitaka ya viwanda vya rangi za nguo. Kilogrei 1 kwa mita moja ya ujazo ni kilowati-saa 0.28 kabla ya upotevu, lakini elektroni za megavolti 1 hupenya milimita chache tu, hivyo maji lazima yapite yakiwa utando mwembamba.