Kupanga Arobaini Ughaibuni: Mwongozo kwa Wazazi Wanaoishi Uingereza

Kwetu pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa siku arobaini jina hilo humpa haki zake: hapiki, hafui, hashiki ufagio, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na huletewa uji wa pilipili manga kabla hajauomba. Hakuna anayeketi kuyapanga hayo, kwa sababu mama yake, shangazi, somo na majirani wanazijua zamu zao tangu mimba ikiwa changa. Anayejifungulia Leicester, Coventry au Glasgow hana watu hao mlangoni. Mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki mbili mumewe anatakiwa kazini. Ndiyo maana arobaini ya ughaibuni haiji yenyewe. Hupangwa mapema, kwa majina na tarehe, na wa kuipanga ni sisi wazazi wenyewe kwa wenyewe.

Nililijua hili mwezi wa Januari nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wakati mume wangu akifanya kazi ya usiku ghalani. Kina mama niliofahamiana nao walikaa mbali kwa heshima, wakidhani nataka kupumzika. Nami nilikaa kimya, nikidhani wamenisahau. Siku ya tisa mama mmoja wa Mombasa, ambaye tulikuwa tukijuana kwa salamu tu, aligonga mlango akiwa na chupa ya chai iliyojaa uji. Hakuniuliza kama nahitaji msaada. Alivua viatu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akampokea mtoto, akaniambia, "Kunywa uji ungali moto, mwanangu, kisha ulale. Mimi nipo hapa mpaka saa nane." Nililala saa tatu mfululizo, na nilipoamka nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa juu ya kipasha joto. Tangu siku hiyo nimeshiriki kupanga zamu za wazazi wengi, na haya ninayoyaandika yametoka humo.

Anzeni mimba ikiwa na miezi sita au saba. Baba, au rafiki mmoja aliyeaminiwa, afungue kikundi cha WhatsApp cha watu wanane hadi kumi na wawili, kisha aandike mahitaji yenyewe badala ya kusubiri watu waulize "tukusaidie nini?", kwa kuwa mzazi aliyechoka atajibu kwamba hahitaji kitu. Chakula cha jioni cha siku kumi na nne za kwanza kiandikwe jina la mpishi kwa kila siku, pamoja na vyakula asivyokula mama. Mtu wa kuwapeleka watoto wakubwa shule na kuwarudisha aandikwe, na shule ijulishwe jina lake kwa maandishi, kwani walimu wa huku hawamkabidhi mtoto kwa mtu wasiyeambiwa habari zake. Wa kukaa na mzazi kwa saa mbili au tatu mchana naye awe na siku yake.

Zamu inayosahaulika kuliko zote ni ile ya usiku wa uchungu. Wenye watoto wadogo nyumbani mara nyingi hugundua saa nane za usiku kwamba hakuna wa kuwaachia, na baba hubaki nyumbani na watoto huku mama akienda hospitali peke yake kwa teksi. Chagueni watu wawili wanaoishi karibu, wakubali kupigiwa simu saa yoyote kuanzia wiki ya 37, na mmoja wao apewe ufunguo wa akiba. Watoto walale kwake angalau usiku mmoja kabla ya siku hiyo, ili wasiamkie nyumba ngeni bila mama.

Kuhusu kliniki, mama asisubiri tumbo lionekane. Anaweza kuwasiliana moja kwa moja na wakunga wa hospitali iliyo karibu naye bila kupitia kwanza kwa daktari wa familia, na inafaa miadi ya kwanza ifanyike kabla ya wiki ya 10. Miongoni mwa sababu za haraka hiyo ni selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama hupimwa damu kuona kama amebeba vinasaba vya ugonjwa huo, na ikiwa amebeba, baba huitwa apimwe pia. Nawasihi akina baba wasikwepe kipimo hiki. Ugonjwa huu ni wetu sana katika Afrika Mashariki, na mtu anaweza kuishi maisha yake yote na afya njema bila kujua kwamba amebeba nusu yake. Baba aliyeajiriwa ana haki ya kuomba ruhusa, isiyo na malipo, ya kumsindikiza mwenzake katika miadi miwili ya kliniki.

Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe mkalimani tangu siku ya kwanza. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, humleta bila kumtoza mgonjwa. Aeleze pia kama Kiswahili chake ni cha Bukavu au cha Dar es Salaam, maana maneno ya uzazi hutofautiana na kutoelewana hapo kuna hatari. Mume asiwe mkalimani, na mtoto asiwe kabisa, kwa sababu yako mambo ambayo mwanamke anapaswa kuulizwa bila masikio ya nyumbani. Waliolipa tozo ya afya walipoomba viza hawatozwi tena kwa huduma za uzazi. Wasio na vibali wanaweza kudaiwa malipo baadaye, lakini hospitali hairuhusiwi kuchelewesha au kukataa huduma ya uzazi kwa sababu ya fedha. Wenzao katika kikundi wawahimize kwenda.

Fedha za likizo zishughulikiwe mapema vilevile. Mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya hadi wiki 52. Akiwa amefanya kazi kwa mwajiri huyo muda unaotakiwa na mshahara wake unafikia kiwango kilichowekwa, atalipwa kwa wiki 39: sita za kwanza kwa asilimia 90 ya wastani wa mshahara wake, na zilizobaki kwa kiwango cha serikali au asilimia hiyo hiyo, chochote kilicho kidogo. Mwajiri anapaswa kuarifiwa angalau wiki 15 kabla ya wiki ya kujifungua. Aliyejiajiri, au asiyefikia masharti hayo, aulizie posho ya uzazi ya serikali. Wenzetu wengi ambao viza zao zinawazuia kupokea fedha za umma huziacha haki hizi kwa woga, ilhali malipo hayo ya uzazi na posho hiyo havihesabiwi miongoni mwa fedha za umma zilizokatazwa.

Baba anayetimiza masharti hupata wiki mbili, na tangu Aprili 2024 katika England, Wales na Uskoti anaweza kuzigawa, wiki moja mtoto anapozaliwa na nyingine baadaye ndani ya mwaka. Kwa ambaye mkewe ana kikundi imara, mimi hushauri wiki ya pili iwekwe pale zamu za chakula zinapokwisha, kwa kuwa ndipo upweke unapoanza kuuma. Kazi nyingine ya baba ni simu. Ndugu wa nyumbani wana haki ya kufurahi, lakini saa moja ya asubuhi Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi ya alfajiri huku wakati wa baridi, na mzazi aliyelala nusu saa iliyopita hapaswi kuamka kupokea pongezi. Simu ya mama ikae kwa baba, naye awapangie wakwe na mashangazi saa ya kuongea.

Sasa niseme juu ya mila, maana hapa ndipo wazazi hugombana na bibi kwa simu, na ndipo kikundi chenye busara kinapofaa zaidi. Mengi ya kwetu yabaki: uji, supu, mapumziko, mtoto kubebwa kifuani. Wanaomtia mtoto tende mdomoni kwa sunna watumie tende laini iliyopondwa, kidogo sana, kwa mikono safi, lakini wasitumie asali, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja anaweza kupata kutoka ndani yake sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Wanja wa kupaka machoni uachwe, kwani aina nyingi zina madini ya risasi. Udongo ambao wajawazito wetu hupenda kutafuna, unaouzwa hata katika maduka ya Kiafrika huku, nao umekutwa na risasi na aseniki. Mwenye hamu nao amwambie mkunga, huenda amepungukiwa na damu. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, hata bibi akisisitiza. Kukanda kwa maji ya moto na kufunga mkaja kusifanywe kwa aliyejifungua kwa upasuaji mpaka mkunga aone kidonda.

Baridi hutufanya tuwafunike watoto kupita kiasi. Nimeingia nyumba ambayo kipasha joto kilikuwa kikiwaka, mtoto amevaa kofia ya sufi, soksi mbili na blanketi nzito, na shingo yake imelowa jasho. Ndani ya nyumba kofia ivuliwe. Chumba kiwe na joto la nyuzi 16 hadi 20. Mtoto alazwe chali katika kitanda chake, ndani ya chumba cha wazazi, kwa miezi sita ya mwanzo. Mpime joto kwa kugusa kifua au shingo, wala si mikono, ambayo huwa ya baridi hata akiwa mzima. Umanjano kwa mtoto mweusi hauonekani kwa urahisi katika ngozi, hivyo uangalieni katika weupe wa macho, ndani ya mdomo na kwenye nyayo. Anayenyonya hupewa matone ya vitamini D kila siku, jambo linalotuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi katika nchi yenye jua haba.

Chanjo zote huandikwa katika kitabu chekundu, yaani daftari la afya ya mtoto. Kumbukeni kwamba chanjo ya kifua kikuu, ambayo nyumbani kila mtoto huipata anapozaliwa, huku hupewa baadhi tu, wakiwemo wale ambao mzazi au babu na bibi yao alizaliwa katika nchi yenye maambukizi mengi. Nchi zetu zimo. Kama hamjaitwa ndani ya mwezi wa kwanza, ulizeni.

Kikundi kisijigeuze daktari. Mjamzito anayeumwa sana kichwa, anayeona vimulimuli, au anayehisi mtoto amepunguza kucheza, apige simu wodi ya wazazi saa hiyo hiyo. Aliyejifungua akitokwa damu nyingi, akibanwa kifua au akishindwa kupumua, ipigwe 999, namba ya dharura. Ripoti za kitaifa za Uingereza zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanawake weusi hufa kutokana na uzazi zaidi ya mara mbili ya wanawake weupe, kwa hiyo asiyesikilizwa arudie, na mwenzake aliye pembeni arudie pamoja naye. Huzuni nayo ihesabiwe. Zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi hupata sonona ndani ya mwaka wa kwanza, na katika lugha yetu husema "nimechoka tu" au "sina hamu ya mtoto". Mwambieni nesi wa familia (health visitor), yule anayepokea zamu kutoka kwa mkunga. Wengi humwogopa wakidhani ametumwa na ustawi wa jamii kuwanyang'anya watoto, ilhali humtembelea kila mwenye mtoto mchanga. Na anayoyasema mzazi katika machozi yake yasitoke nje ya chumba alichoyasemea. Kikundi kinachovujisha siri hufa, na hustahili kufa.

Mji ukiwa hauna Waswahili, ombeni Home-Start, shirika lililoanza Leicester mwaka 1973, ambalo hutuma mtu wa kujitolea nyumbani kwa mzazi mwenye watoto wadogo. Mkimleta bibi kwa viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi sita, mkatieni bima ya afya, kwa kuwa mgeni akilazwa hospitali hutozwa asilimia 150 ya gharama.

Zamu ya mwisho ya kikundi ni siku ya kuandikisha mtoto. Katika England na Wales muda ni siku 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini, na Uskoti ni 21. Baba asiye na ndoa kwa kawaida hufika pamoja na mama ili jina lake liandikwe. Kuzaliwa huku peke yake hakumpi mtoto uraia wa Uingereza, isipokuwa mzazi mmoja awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Mtanzania aliyezaliwa na uraia pacha hutakiwa kuchagua akishatimiza miaka 18. Chukueni nakala mbili au tatu za cheti siku hiyo hiyo, na mwenye zamu amshike mtoto nje wakati wazazi wanatia saini.