Kupima kingamwili za influenza kwa pleti na damu ya bata mzinga, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kazi maabara ni hili, mtu kachanjwa influenza leo, mwezi mmoja baadaye unajuaje kama mwili wake umeitikia? Jibu la kila siku kwetu ni kipimo cha HI (hemagglutination inhibition, yaani kuzuia virusi visishikanishe chembe za damu), ni cha zamani, bei yake nafuu na hakitaki mashine kubwa, ila kina sehemu kama tatu hivi ambazo ukiteleza unapata namba nzuri za uongo. Ntakaa zaidi hapo, kwengine ntapita haraka.

Kwanza elewa kinachotokea mle ndani. Virusi vya influenza vimezungukwa na protini inaitwa hemaglutinini, hiyo ndo inashika sukari inayoitwa asidi ya siali kwenye seli za njia ya hewa. Sukari hiyo hiyo ipo juu ya chembe nyekundu za damu, so ukichanganya virusi na damu chembe zinashikana zinakuwa kama wavu umetandikwa, hazizami. George Hirst aliliona hili Marekani mwaka 1941, na mpaka leo tunatumia jambo lile lile. Sasa seramu ya mtu, yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa, ikiwa na kingamwili, zinaikalia hemaglutinini, virusi vinakosa pa kushika, chembe zinazama zinafanya kitone chekundu katikati ya kishimo cha pleti, ile sahani ya plastiki yenye vishimo vingi vidogo. Ukiona kitone, kingamwili zipo. Ukiona wavu, hazipo au hazitoshi.

Hatua ya 1: Chagua damu

Bata mzinga au kuku kwa virusi vingi, simbilisi kwa H3N2, moja ya aina za influenza A. Usilichukulie poa hili la H3N2, virusi vyake vya miaka ya karibuni vimebadilika mno, havishiki tena damu ya kuku, na vingine vinashika chembe kwa kutumia protini nyingine kabisa, neuraminidesi, badala ya hemaglutinini, ndo maana maabara nyingi zinatia dawa ya oseltamivir kidogo kuizuia. Usipofanya hivyo unapima kitu kingine huku ukidhani unapima kinga.

Damu ichukuliwe kwenye maji ya Alsever isigande, ioshe kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) kwenye sentrifuji kama mara tatu, kila mara mwaga maji ya juu na ule utando mweupe. Bata mzinga na kuku tengeneza asilimia 0.5, yaani nusu mililita ya chembe zilizoshuka kwenye PBS ya kufikisha mililita 100, na pleti iwe ya vishimo vya umbo la V. Simbilisi ni asilimia 0.75 na vishimo vya umbo la U. Maji ya mwisho ya kuoshea yakiwa na wekundu, chembe zimepasuka, itupe hiyo damu hata kama muuzaji wa bata yuko mbali.

Hatua ya 2: Safisha seramu kwa RDE

Hapa nisikilizeni vizuri. Seramu ya mtu yeyote, awe amechanjwa au la, ina protini zenye asidi ya siali zinazoelea tu, virusi vinazishika hizo badala ya damu, halafu wewe unaona kitone kizuri unaandika kingamwili zipo. Zamani nikiwa mgeni kwenye kazi tulipima kundi la seramu za watoto dhidi ya aina mpya ya virusi, karibu wote wakatoka na taita (mara ngapi seramu imezimuliwa na bado inazuia virusi) ya 80 na zaidi, tukafurahi sana, mpaka mama mmoja mkongwe pale maabara akauliza RDE, dawa ya kusafishia seramu, ilifunguliwa lini. Ilikuwa imekaa friji wiki nyingi imeshakufa. Tukarudia na chupa mpya, wengi wakashuka chini ya 10. Hao watoto walitobolewa mshipa, mama zao walikubali kwa kutuamini, na sisi tulikuwa karibu kuandika kwamba wana kinga kumbe hawana. Sijawahi kusahau.

RDE ni kimeng'enya kinachotokana na bakteria wa kipindupindu, kinakata zile sukari. Seramu kipimo 1, RDE vipimo 3, weka nyuzi 37 usiku mzima, saa 18 hadi 20. Asubuhi peleka nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua kimeng'enya chenyewe, maana kikibaki hai kitakula sukari za damu yako pia na hakuna kitakachoshikana. Halafu ongeza vipimo 6 vya maji ya chumvi, hapo seramu imezimuliwa mara 10, na 10 ndo namba yako ya kuanzia.

Kila seramu iweke pia kwenye kishimo chenye damu tu bila virusi. Chembe zikishikana hapo, seramu yenyewe inashika damu, itakuharibia majibu. Ichanganye na chembe zilizoshuka, kipimo 1 cha chembe kwa vipimo 20 vya seramu, iache nyuzi 4 kwa saa moja, zungusha, chukua ya juu, ujaribu tena.

Hatua ya 3: Vipimo vinne vya virusi

Virusi vifanyie kazi kwenye kabati la usalama, glavu na koti, hilo sina haja ya kulirudia.

Tia mikrolita 50 za PBS kwenye vishimo vyote vya mstari isipokuwa cha kwanza, cha kwanza tia mikrolita 100 za virusi, hamisha 50 kwenda cha pili, changanya, hamisha 50 kwenda cha tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha damu mikrolita 50 kila kishimo. Kishimo cha mwisho chenye wavu kamili ndo taita ya virusi. Kipimo kimoja cha virusi hapa ni kiasi kinachotosha tu kushikanisha chembe za kishimo kimoja. Tunataka vipimo 4 ndani ya mikrolita 25, sawa na 8 ndani ya 50, so gawanya taita kwa 8. Ukipata 128, 128 kwa 8 ni 16, unazimua mara 16. Pleti moja inakula karibu mililita 2.4, so kwa pleti 10 mililita 2 za virusi na 30 za PBS zinatosha na zinabaki.

Halafu vipime TENA hivyo ulivyozimua. Watu wanaruka hapa kwa sababu saa imekwenda, na hapa ndo kipimo kizima kinaposimama. Mikrolita 100 kishimo cha kwanza bila kuzimua, kisha nusu kwa nusu kama mwanzo: vishimo 4 vya kwanza viwe na wavu, cha 5 kiwe na kitone. Vikitokea 5, virusi ni vingi mara mbili na taita za watu wote zitashuka, vikitokea 3 zitapanda, na hakuna kingamwili ya mtu yeyote iliyobadilika! Rekebisha kabla hujagusa seramu, na fanya hivi kila siku ya kazi, virusi vya jana vikilala friji vinapungua nguvu.

Hatua ya 4: Kipimo chenyewe

Kwa kila seramu tumia safu moja ya vishimo 8. PBS mikrolita 25 kutoka B mpaka H, kwenye A mikrolita 50 za seramu iliyosafishwa, hamisha 25 kushuka mpaka H, 25 za mwisho mwaga. Umepata 10, 20, 40 mpaka 1280. Ongeza virusi mikrolita 25, gonga pleti pembeni kidogo, subiri dakika 15, kisha damu mikrolita 50. Bata mzinga subiri dakika 30, simbilisi saa nzima. Pleti zikae meza isiyotikisika.

Kusoma, damu ya ndege inamisha pleti, chembe zilizo huru zinatiririka kama chozi, zilizoshikwa hazitiririki. Ya simbilisi usiinamishe, tafuta kitone au kiduara. Taita ni kishimo cha mwisho ambacho zimeachiwa kabisa, nusu nusu usihesabu. Isipoachia hata cha 10 andika chini ya 10, kwenye hesabu tunaweka 5.

Hatua ya 5: Namba inasema nini

Kishimo kimoja juu au chini ni kawaida ya kipimo hiki, hata ukirudia seramu ile ile. Ndo maana mtu akitoka 20 kwenda 40 baada ya chanjo hatusemi ameitikia, tunataka kupanda mara 4, na kama alianza chini ya 10 afike 40. Seramu ya kabla na ya baada ziwekwe pleti moja siku moja.

Ile 40 inayotajwa kila mahali ilitokana na majaribio ya watu wazima yaliyochapishwa 1972, na maana yake ni kwamba hatari ya kuambukizwa inapungua kama nusu, sio kwamba 40 haugui. Kwa watoto wadogo utafiti wa 2011 ulikuta nusu hiyo inahitaji karibu 110, so ukipima watoto usiwakate kwenye 40 kama wakubwa.

Wastani usijumlishe ukagawa. Watoto wanne wenye 10, 10, 10 na 640 wastani wa kawaida unakupa 167.5, na watatu kati yao hawana chochote cha maana. Tumia wastani wa kijiometri, yaani zidisha namba zote nne kisha tafuta kipeuo cha nne, unapata kama 28.

Mwisho piga picha kila pleti kabla hujaimwaga, maana msomaji wa pili lazima asome bila kujua ulichoandika. Pleti zikaloweshwe kwenye klorini, na seramu iliyobaki irudi friza ikiwa imeandikwa tarehe na imeyeyushwa mara ngapi.